Raia ni Nani? Neno Moja, Maana Mbili

Mkazi wa Kware akisikia redioni kwamba raia wawili wamejeruhiwa, anaelewa kuwa waliojeruhiwa si wanajeshi wala polisi. Kesho yake akijaza fomu yenye sehemu ya uraia, anatakiwa kuandika nchi yake. Neno ni lilelile ila maana ni mbili, na anayezichanganya anaweza kujinyima haki au kumnyima jirani yake.

Raia ni neno lenye asili ya Kiarabu. Huko lilihusu mifugo iliyo chini ya mchungaji, na pia watu walio chini ya mtawala. Katiba ya 2010 imegeuza mpangilio huo. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote kuu ni ya watu wa Kenya, na Kifungu cha 239 kinaviweka vyombo vya usalama wa taifa chini ya mamlaka ya kiraia.

Asiye mwanajeshi

Katika maana hii, raia ni mtu asiye katika jeshi. Ndiyo maana inayotumika katika Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, unaowalinda raia wakati wa vita. Katika habari za kila siku hapa nchini, neno hili huwatenga polisi pia.

Sare peke yake si kipimo. Bawabu wa lango la mtaa huvaa sare, na askari wa kaunti anayesimamia soko la Kitengela huvaa sare, lakini wote wawili si wanajeshi wala polisi. Kwa upande mwingine, afisa wa polisi aliyevaa nguo za kiraia bado ni polisi.

Mwenye uraia wa nchi

Katika maana ya pili, raia ni mtu anayetambuliwa na sheria kuwa wa nchi fulani. Mwanajeshi wa Kenya ni raia wa Kenya, ingawa si raia kwa maana ya kwanza. Mgeni anayeishi Kitengela naye ni raia kwa maana ya kwanza, ingawa si raia wa Kenya.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu

Katiba huchagua maneno yake kwa makini. Haki ya kupiga kura, kupata pasipoti na kupata habari zilizo mikononi mwa serikali ni za raia wa Kenya. Katika suala la ardhi, asiye raia wa Kenya anaweza kumiliki kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Anayeuza au kununua shamba Kajiado alizingatie hilo kabla ya kutoa pesa.

Haki nyingine ni za kila mtu. Hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama iwapo muda huo utaisha nje ya saa za kazi za mahakama. Vilevile, mtu yeyote anaweza kuwasilisha malalamiko dhidi ya polisi kwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011.

Kwa hivyo, ukikutana na neno raia katika fomu au tangazo, uliza kwanza: linazungumzia kazi ya mtu, au nchi yake?