Askari, Raia na Sigara ya Umeme

Kila chombo kigeni kiingiacho nchini huja na maswali yake, na maswali hayo yasipojibiwa mapema na wenye madaraka, hujibiwa barabarani na watu wenye hasira. Miaka hii kimeingia chombo kiitwacho sigara ya umeme, ambacho vijana wetu wa mijini hukiita vepu. Hatukusudii leo kukisifu chombo hiki, wala hatuna haja ya kukitetea. Tunakusudia kusema neno juu ya jambo linaloweza kutokea pale askari polisi asiyekijua chombo hicho anapokutana na raia aliye nacho mkononi. Maana katika makutano kama hayo ndipo inapopimwa haki ya mwananchi na heshima ya Serikali yake.

Morogoro ni mji wa njia panda. Pale Msamvu barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikaelekea Dodoma na nyingine Iringa na Mbeya. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme nayo huteremsha abiria mjini humo. Yupo mchuuzi aliyeshuka na ndizi zake kutoka Matombo, yupo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, yupo dereva wa lori liendalo Zambia, na yupo mgeni wa Ulaya aliyekuja kupanda milima ya Uluguru hadi Morningside. Mji wa namna hii hupokea vitu vipya mapema kuliko vijiji vya milimani, na askari wake hukutana na mambo ambayo huenda hawakufundishwa chuoni.

Basi chombo chenyewe ni kitu gani? Sigara ya umeme haina moto wala majivu. Ndani yake mna betri ndogo, waya mwembamba unaopata joto, na kimiminika chenye manukato ambacho mara nyingi hutiwa nikotini, yaani kile kitu cha tumbaku kinachomfanya mvutaji awe mtumwa wa sigara. Mtu anapovuta, waya huchemsha kimiminika, na mvuke mzito humtoka kinywani mfano wa moshi. Chombo cha namna hii kilibuniwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mnamo mwaka 2003, kisha kikaenea duniani. Vingine vina umbo la kalamu, vingine ni vidogo kama kiberiti. Mzazi aweza kukikuta juu ya meza ya mwanawe asijue ni nini.

Yatupasa kwanza kumtendea haki askari. Anapoona wingu jeupe lenye harufu ya matunda likipanda katika kituo cha mabasi, yapo mambo mawili yanayomjia akilini, na yote mawili yana msingi. La kwanza ni shisha. Mwezi Julai 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuipiga marufuku shisha, na hofu kubwa wakati huo ilikuwa kwamba watu huichanganya na dawa za kulevya. La pili ni bangi, ambayo kuilima, kuiuza na kuwa nayo ni kosa kubwa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Askari hawezi kujua kwa macho kama kichupa kilicho mbele yake kina nikotini, au mafuta ya bangi, au manukato matupu.

Wala hofu hiyo si ya bure. Huko Marekani mwaka 2019 yalizuka maradhi makali ya mapafu miongoni mwa wavutaji wa vyombo hivi. Kufikia Februari 2020 watu walioripotiwa kulazwa au kufa kwa maradhi hayo walikuwa 2,807, na kati yao 68 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi, na lawama kubwa iliangukia mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa humo na wafanyabiashara wa magendo. Kwa hiyo askari akishuku, hakukosa. Kosa huanza pale shaka inapogeuzwa kuwa hukumu.

Je, sheria yetu yasemaje? Sheria yetu ya kusimamia bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, mwaka ule ule chombo hiki kilipobuniwa, na kwa hiyo haikukitaja kwa jina. Sheria hiyo inakataza kuwauzia tumbaku watoto walio chini ya miaka 18, na inakataza kuvuta hadharani katika sehemu zilizotajwa. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku, na tangu mwaka 2021 usimamizi wa bidhaa hizo umekabidhiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Lakini mtu mmoja aweza kusema kwamba nikotini imetoka katika tumbaku, basi sheria ya tumbaku yahusika. Na mwingine aweza kujibu kwamba pasipo jani na pasipo moto hapana sigara. Wafanyakazi wa viwanda vya Morogoro, ambako tumbaku ya Tabora na mikoa mingine huletwa kuchambuliwa na kufungwa, wanalijua jani hilo kwa rangi na kwa harufu. Ila hata wao wakiulizwa kama kichupa cha maji matamu ni tumbaku, watatazamana.

Jirani zetu wa Uganda walikata shauri mapema. Sheria yao ya mwaka 2015 ilipiga marufuku kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za umeme pamoja na shisha. Hapo mfanyabiashara anajua, askari anajua, na msafiri akifika mpakani Mutukula anajua. Mtu aweza kuipenda sheria hiyo au kuichukia, lakini hawezi kusema hakuambiwa.

Mahali ambapo raia na askari wote wawili hawana hakika, huingia mtu wa tatu, naye ni rushwa. Mfano mzuri ulitokea Thailand, nchi iliyokataza vyombo hivi tangu mwaka 2014. Januari 2023 mwigizaji wa kike kutoka Taiwan alisimamishwa usiku na askari katika kizuizi cha barabarani mjini Bangkok, akakutwa na sigara ya umeme. Badala ya kufikishwa mbele ya sheria, alitozwa baht 27,000 akaachiwa aende zake. Mwanzoni wakubwa wa polisi walikana. Baadaye ikakubaliwa kwamba fedha zilichukuliwa, na askari waliohusika wakafunguliwa mashtaka. Fedha ile haikuponya pafu la mtu hata mmoja, wala haikuingia katika hazina ya nchi. Iliingia mfukoni, na jina la jeshi zima likachafuka.

Liko na funzo jingine lililo karibu zaidi. Kenya ilipiga marufuku shisha Desemba 2017 kwa kanuni za waziri. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliuacha uamuzi huo usimame, lakini ikamtaka waziri atengeneze taratibu zilizokosewa. Januari 2024 watu 48 waliokamatwa kwa kuuza na kuvuta shisha walifikishwa katika mahakama ya Shanzu, Mombasa. Hakimu akaona kwamba kanuni zile hazikupelekwa Bungeni kama ilivyotakiwa, akaamuru watu hao waachiwe. Hebu tufikiri: askari walifanya kazi usiku, magari yalichoma mafuta, watu walilala mahabusu, na mwisho wake ikawa bure, kwa sababu karatasi moja haikupita mlango uliopaswa. Marufuku yaweza kuwa na nia njema, lakini nia njema pekee haimfungi mtu jela.

Watu wa Uluguru hawahitaji kufundishwa jambo hili na wageni, kwa kuwa wamelionja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakoloni wa Kiingereza walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa milima ile, wakawaamuru wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Lengo lilikuwa kuzuia mmomonyoko, na hakuna mlima unaotaka kumomonyoka. Lakini watu hawakushauriwa ipasavyo. Kazi iliwaelemea, hasa akina mama. Na mahali pengi udongo mbichi uliofukuliwa haukuzaa chakula. Badala ya kueleza na kusikiliza, wakubwa walitumia faini na nguvu. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa ghadhabu, polisi wakaitwa, risasi zikalia, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukaachwa. Kati ya matuta na sigara ya umeme pana tofauti kubwa, lakini kanuni ni moja: amri isiyofahamika, ikipelekwa kwa watu na askari peke yake, huzaa uadui badala ya utii.

Basi tufanye nini? Kwa askari twasema hivi. Usilolijua ni usiku wa kiza, na kuuliza si ujinga. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo alipolitenda halikuwa kosa kisheria, na inakataza kumtendea mshitakiwa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari amweleze mtu sababu ya kumkamata. Inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Inataka kitu kinachochukuliwa katika upekuzi kiandikiwe hati. Mtu asifikishwe kituoni kwa kibao wala kwa tusi. Ikiwa kichupa kinatiliwa shaka, pua ya askari si maabara. Nchi hii ina Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye kazi yake ni kupima vitu vya namna hiyo na kusema mahakamani kilichomo. Akisema ni bangi, sheria ichukue mkondo wake pasipo huruma ya uongo. Akisema si bangi, mwenye mali apewe mali yake, na aombwe radhi.

Kwa raia twasema hivi. Askari ni ndugu yako aliyevaa sare, naye yuko kazini. Akikusimamisha, simama. Mwite afande, mjibu kwa sauti ya kawaida, mweleze chombo ni nini na umekipata wapi. Usikifiche wala usikimbie, kwani anayekimbia hujishitaki mwenyewe. Usimpulizie mtu mvuke usoni ndani ya basi kisha ukadai haki zako; abiria mwenzako naye anayo haki ya hewa safi. Ukitakiwa kwenda kituoni, nenda, ukaulize kwa adabu kosa lako ni lipi na Mkuu wa Kituo yuko wapi. Uombe jamaa yako apewe habari. Kumbuka kwamba dhamana ya polisi haiuzwi, na kwamba sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji sawasawa na mpokeaji. Noti unayoikunja kiganjani ili yaishe ndiyo inayomfundisha askari kuwasimamisha wenzako kesho. TAKUKURU inapatikana kwa simu namba 113 bila malipo. Tena tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, mtu asiye na fedha za wakili aweza kusaidiwa na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria.

Kwa viongozi na wabunge twasema kwamba ukimya nao ni kosa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilizitaka serikali zichukue hatua za haraka dhidi ya sigara za umeme, kwa kuwa manukato ya peremende na matunda yanawanasa watoto. Hatuna budi kuchagua. Ikiwa chombo hiki ni cha kukatazwa, kikatazwe kwa sheria iliyopita Bungeni, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, ikabandikwa Msamvu na katika ofisi za kata mpaka Mgeta na Kinole. Ikiwa ni cha kuruhusiwa kwa masharti, masharti yatajwe: umri, mahali pa kuvutia, ushuru, na kiasi cha nikotini. Kisha askari wote wafundishwe, kuanzia Polisi Kata hadi yule wa kizuizi cha barabarani.

Na kwa wafanyakazi wenzetu, walio wazazi pia, twasema kwamba kumtetea kijana asipigwe kituoni hakutuzuii kumwambia nyumbani kwamba anavuta kitu kibaya. Nikotini hukamata akili changa upesi kuliko akili pevu, na fedha inayoishia katika mvuke haimjengi mtu. Kazi ya kumwonya kijana ni ya mama na baba, ya mwalimu na mganga, kabla haijawa ya polisi. Tukiifanya sawasawa, askari atapata nafasi ya kuwafuata wezi na wauza dawa za kulevya, wala hatabaki kuvizia wingu la mvuke chini ya Uluguru.