Tip ni Ngapi na Nani Anafaa Kuachiwa? Soma Hii Kabla Weita Alete Bili

Kama umewahi kukaa na bili kwa meza, simu mkononi, ukijiuliza kama soo itatosha ama itaonekana ni matusi, hii story ni yako. Hakuna mtu hutukalisha chini atufunze mambo ya tip. Shule hawakusema, na nyumbani tuliambiwa tu tuseme asante. Halafu unapata wera, unaanza kutokea mahali meza zina vitambaa, na ghafla umepewa vyeo. Soja wa parking ukiingia anakuita "boss." Ukishuka ni "kiongozi." Ukiwasha gari kutoka umeshakuwa "mheshimiwa," na anangoja dirisha lishuke.

Sasa utatoa ngapi, na ni lazima kweli? Twende polepole.

Tip si deni, lakini si mzaha

Kenya hakuna sheria inasema uache tip. Bakshishi ni shukrani, na shukrani haina invoisi. Hapa tuko tofauti na Marekani. Huko, sheria ya kitaifa tangu 1991 inaruhusu mwajiri amlipe mtu wa tip dola 2.13 kwa saa, mradi tip zijazilie mpaka kima cha chini cha dola 7.25. Majimbo mengi yana viwango vya juu kuliko hivyo, lakini ndio unaelewa mbona kwa movie za majuu mtu asipoacha tip anaangaliwa kama mwizi. Japani nao ni kinyume kabisa: ukiacha pesa kwa meza, weita anaweza kukukimbiza akurudishie akidhani umesahau.

Sisi tuko katikati. Weita wetu anafaa kulipwa mshahara wake kamili, tip ama hakuna tip. Shida ni huo mshahara wenyewe. Agizo la serikali la 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila hela ya nyumba. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata kama 620 kwa siku. Toa fare, toa lunch, kumbuka msee anafunga saa tano usiku wakati mathree zimepandisha na imebaki tu nduthi. Hiyo 620 inaisha kabla afike keja.

Sasa piga hesabu ya upande mwingine. Meza kumi zikiacha finje kila moja, hiyo ni 500. Karibu mshahara wa siku nzima, na hakuna mteja hata mmoja ameumia. Haba na haba.

Soma risiti kabla ufungue roho

Wasee wengi wakiona makato kwa risiti wanasema "si tip iko hapa tayari." Mara nyingi haiko. Ile VAT ya asilimia 16 ni ya serikali. Ile asilimia 2 ya catering levy inaenda kwa mfuko wa utalii. Aliyekubebea sahani haoni hata shilingi hapo.

Kile unafaa kutafuta ni maneno "service charge." Hiyo ndio inafanya kazi ya tip. Hata Sheria ya VAT ya 2013 inaitambua hivyo: pesa inayolipwa badala ya tip haihesabiwi kwa VAT, mradi wafanyakazi wanagawiwa moja kwa moja kwa makubaliano yaliyoandikwa, na isizidi asilimia 10. Kwa hivyo kama imeandikwa, umeshatoa, na usiskie vibaya ukiinuka bila kuongeza kitu. Ukitaka kujua kama inawafikia kweli, muulize weita kwa upole, meneja akiwa mbali. Uso wake utakujibu kabla mdomo.

Pesa ya Till haimfikii weita

Hapa ndio tip nyingi zinapotelea siku hizi. Zamani ulikuwa unalipa na noti, chenji inaletwa kwa kasahani, unachukua noti unaacha sarafu. Saa hii kila kitu ni Till. Bili ni 1,850, unalipa 2,000 ukisema "hiyo ingine ni yako." Pesa imeingia kwa akaunti ya mdosi. Kama hakuna mtu anaandika mahali, weita amepewa 150 ya mdomo.

Lipa bili kamili kwa Till, halafu tip itume kando. M-Pesa haikati kitu ukituma soo moja kushuka chini, kwa hivyo kisingizio cha makato hakuna. Kama ana Pochi la Biashara, tumia hiyo. Ama beba noti za soo na finje kwa mfuko, kama wazee wetu. Cash inafika kwa mkono bila kuuliza mtu ruhusa.

Nani anaachiwa, na ngapi?

Hivi viwango havijaandikwa kwa jiwe. Ni vile watu wengi wa kawaida hufanya, bila kujionyesha na bila kuwa mkono wa birika.

Hoteli ya mtaa: Kibandani kwa mathe wa chapo madondo, hakuna tip. Lipa, sema asante, urudi kesho. Hapo uaminifu wako ndio tip. Kama kuna weita na umekula vizuri, wacha ile chenji ya mbao ama finje.

Mkahawa wa maana na club: Kama hakuna service charge, karibu asilimia 10 inatosha. Bili ya 2,400, wacha 200 ama 250. Mkiwa watu kumi mmekaa masaa matano mkiitisha barafu kila dakika mbili, msiache soo moja. Huyo dem ametembea kilomita.

Kinyozi na salon: Bei ya kichwa inagawanywa kati ya mwenye duka na anayenyoa. Yule anakuosha na kukukanda kichwa mara nyingi ndiye anabaki na kidogo zaidi. Finje ama soo mpe yeye, mkononi.

Rider wa chakula: App nyingi zina mahali pa kuongeza tip. Tumia, ama mpe mkononi. Kama kumenyesha, ama amepanda ghorofa ya tano kwa ploti haina lift, soo ni heshima tu. Na uwe umevaa viatu akifika. Kumngojesha dakika kumi kwa geti ni kumkata pesa, kwa sababu analipwa kwa oda si kwa kungoja.

Petrol station na parking: Aliyekupanguzia kioo na kucheki upepo, mbao ama finje. Soja aliyekuelekeza ukirudi nyuma, hivyo hivyo.

Mtu wa gesi, maji na mizigo: Umekubali bei ya kubeba mtungi, halafu anapata uko juu kabisa? Ongeza kitu. Hiyo si tip hata, ni haki.

Mama fua: Hapa mambo ni fare na chakula. Lipa bei mliyoongea, mpe lunch, na kazi ikiwa nyingi kuliko ulivyosema, ongeza bila kuambiwa.

Makanga: Wacha tu. Yeye tip yake hujitolea mwenyewe kwa chenji yako.

Usichanganye tip na kitu kidogo

Wakenya tumeharibu neno "chai." Tunasema "nipatie ya chai" kwa weita, na tunasema hivyo hivyo kwa barabara usiku tukisimamishwa. Hivi ni vitu viwili tofauti. Tip inakuja baada ya kazi, hakuna aliyekulazimisha, na usipotoa huduma yako haipotei. Kitu kidogo kinakuja kabla, na bila hicho faili yako haisongi.

Kwa hivyo karani wa ofisi ya serikali, askari, kanju, ama mtu yeyote anayelipwa na kodi yako akupe haki yako, usimwachie "tip." Chini ya Bribery Act ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wana kesi. Jina zuri halibadilishi kitu.

Tip hainunui mtu

Hii ndio inafaa kusemwa kwa sauti. Kuna wasee wakiacha jirongo wanadhani wamelipia namba ya simu. Weita anakupatia namba yake utume tip, usiku saa saba unaanza "sasa mrembo, umefika home?" Huyo dem anakuchekea kwa sababu ni wera, na mdosi wake anaangalia. Akikujibu vibaya anaweza kufutwa. Akinyamaza, wewe unadhani umekubaliwa. Tuma pesa, futa namba, lala.

Vile vile usimtupie mtu noti mezani ndio marafiki waone, wala usimwachie sarafu za bob moja moja kumfunza adabu. Kama huduma ilikuwa mbaya, mwambie, ama mwambie meneja, na usiache kitu. Lakini uliza kwanza: chakula kilichelewa sababu ya weita ama ni jikoni? Mara nyingi yeye ndiye anakulia matusi ya mtu mwingine.

Na kama umesota?

Hakuna noma. Mwezi uko kona, umejibana upeleke mathe wako lunch moja, usiache 300 ndio urudi nyumbani kwa miguu. Mwangalie msee machoni, sema asante, na kama alijitambulisha, tumia jina lake. Ukipata nafasi, mwambie meneja amefanya kazi poa. Hiyo imewahi kuokoa wera za watu.

Kitu kimoja tu usifanye: usimwambie "nitakutumia" kama unajua hautumi. Mkono mtupu haulambwi, lakini ahadi tupu ni mbaya zaidi, juu sasa msee anaenda nyumbani akicheki simu.

Wewe huacha ngapi, na ni nani ulidhani hafai kuachiwa mpaka leo? Tupatie maoni yako. Ma-weita, ma-rider na wasee wa kinyozi, nyinyi ndio tunangoja zaidi. Mwagine mtama.