Wiki Moja Bila Kariakoo

Mkazi wa Mtaa wa Sikukuu, Narung'ombe au Mkunguni, Kariakoo jijini Dar es Salaam, hulala hatua chache tu kutoka kwenye magunia ya mchele wa Mbeya, maharage na dagaa wa Kigoma. Hata hivyo, katika vyumba vingi vya kupanga vya eneo hilo, unga uliomo ndani ni wa leo. Kesho atatumwa mtoto dukani kwa Mangi akapimiwe nusu kilo, mafuta ya kula ya buku, mkaa makopo mawili, na umeme wa LUKU utakaofika asubuhi. Wasiojua humwona mtu huyo kama asiyejipanga. Ukweli ni kwamba amejipanga sawasawa na kipato chake: fedha inaingia kwa siku, chumba ni kimoja, panya ni wengi, na duka liko mlangoni. Kwa nini aweke gunia chini ya kitanda wakati Kariakoo nzima ni stoo yake?

Hesabu hiyo ina sharti moja: kesho duka lifunguliwe. Na miaka ya karibuni imeonyesha kwamba kuna siku halifunguliwi.

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza jengo kuu la Soko la Kariakoo, lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Januari 16, 2022, mabanda ya Soko la Karume, Mchikichini, yaliungua alfajiri. Oktoba mwaka huohuo Mto Ruvu ulipungua maji, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikaanza mgawo na bei ya dumu la maji ikapaa mitaani. Mei 15, 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma kufungua maduka wakilalamikia kodi, na mgomo ukarudi Juni 24, 2024. Mapema mwaka 2024 sukari iliadimika hadi kilo moja ikavuka shilingi 4,000. Aprili 1 mwaka huo, Jumatatu ya Pasaka, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikawa gizani. Mei 12 nyaya za mawasiliano chini ya bahari zilikatika na intaneti ikasuasua. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu wengi. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, zikatokea vurugu. Intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na kwa siku kadhaa maduka mengi hayakufunguliwa.

Ukiyapanga matukio hayo utaona kitu kimoja. Mengi kati ya yale yaliyobana mji mzima yalidumu kwa siku, wala si kwa miezi. Familia ya katikati ya jiji haihitaji handaki wala chakula cha mwaka mzima. Inahitaji kuweza kuishi siku saba bila kutegemea duka, bomba, nyaya wala simu ya mtu. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia, nacho kinahesabika.

Maji ndiyo ya kwanza. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hufuata, huweka lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi ya nyumbani, na katika hali ya kubana sana mtu anaweza kushuka hadi lita saba na nusu. Familia ya watu watano ikishika kiwango hicho cha chini itatumia lita 262 na nusu kwa wiki: karibu pipa moja la lita 200 na madumu matatu ya lita 20. Si mzigo wa ajabu. Nyumba nyingi zina pipa tayari. Kinachokosekana ni mazoea ya kulijaza tena likifika nusu, badala ya kusubiri likauke ndipo watu waulize maji yanatoka lini.

Maji yaliyokaa yana hatari zake. Mbu anayeambukiza homa ya dengi, iliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hapendi mtaro mchafu. Hutaga kwenye maji masafi yaliyotulia, na mayai yake hunata kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji. Kutoka yai hadi mbu mwenye mbawa huchukua takriban siku saba hadi kumi. Kwa hiyo pipa linahitaji mfuniko unaobana, na likipungua lisuguliwe ukutani kwa brashi kabla ya kujazwa. Kumwaga maji peke yake hakuondoi mayai. Maji ya kunywa yakae pembeni, kwenye ndoo yenye bomba au dumu la mdomo mwembamba, yakiwa yamechemshwa au kutiwa vidonge vya dawa. Jiji liliona kipindupindu mwaka 2015, na mgawo wa maji huwa ndugu wa ugonjwa huo. Pakiti chache za ORS, chumvi za kurudisha maji mwilini, zikae kabatini. Zisipopatikana, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kufuta, vitamsogeza mgonjwa wakati anapelekwa kituo cha afya.

Chakula nacho kina hesabu. Mgawo wa dharura wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, mara nyingi huanzia gramu 400 za nafaka, 60 za jamii ya kunde na 25 za mafuta kwa mtu kwa siku. Kwa watu watano siku saba, hiyo ni kilo 14 za mchele au unga, kilo mbili na kidogo za maharage au choroko, na lita moja ya mafuta. Chumvi na sukari havina shida kukaa. Anayenunua kwa kupimiwa hahitaji kutoa fedha yote mara moja: kila siku ya kununua nusu kilo, anunue robo tatu, ile robo iende kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwa nyumba inayonunua kila siku, ndoo inajaa ndani ya miezi miwili. Choroko huiva haraka kuliko maharage, maana yake mkaa kidogo. Sembe hukaa muda mrefu kuliko dona, kwa sababu dona hubaki na kiini chenye mafuta, nayo mafuta hayo huchacha. Karanga na nafaka zilizopata unyevu zisiwekwe akiba hata kama ni za bei ya kutupa: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Na akiba haifungiwi kama mahari. Kinachotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kupikwa, kisha kinarudishiwa.

Nishati ya kupikia isitegemee njia moja. Mwenye gesi awe na jiko la mkaa na mfuko wa mkaa mkavu. Mwenye jiko la umeme awe na mojawapo. Mtungi wa kilo 6 hauonyeshi umebakiza kiasi gani, lakini uzito wake ukiwa mtupu umegongwa kwenye chuma, karibu na shingo. Kariakoo haina uhaba wa mizani: uzito wa mtungi mzima ukitolewa ule uliogongwa, inayobaki ni gesi. Jambo moja halina mjadala. Jiko la mkaa haliingizwi chumbani watu wakilala, hata mvua ikinyesha vipi, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu usingizini. Kwa mwanga, taa ndogo ya sola inaipita mishumaa mbali, hasa kwenye nyumba ambayo vyumba vimetenganishwa kwa mbao na mapazia.

Fedha ndiyo sehemu ambayo wakazi wa Kariakoo huamini wameiweza, na ndiyo huwaangusha. Mama ntilie wa Mtaa wa Congo yumo kwenye mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, yumo kwenye kikoba, na anadunduliza kwenye simu. Maduka yakifungwa siku tatu, kama wakati wa mgomo, wateja wake wanaobeba mizigo na kusukuma mikokoteni nao hawana kipato. Mchezo haumsaidii, kwa kuwa zamu yake ni mwezi ujao. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wanaoishi mitaa mitatu. Fedha ya simu ipo, lakini wakala amefunga au ameishiwa taslimu. Kinachobaki ni kausha damu, mkopo ambao riba yake huanza kutafuna kabla sufuria haijatoka jikoni.

Dawa yake ni kibubu chenye matumizi ya siku saba, kwa noti za elfu moja na elfu mbili. Katika siku za shida, mwenye noti ya elfu kumi hukosa chenji na hivyo hukosa mkate. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii ulio kando na hisa. Wanachama wanaweza kukubaliana mapema kwamba sehemu ya mfuko huo ikae kwa mweka hazina, itolewe siku hiyohiyo. Na kwa kuwa huduma za kifedha za simu hufanya kazi pia kwa menyu ya nyota na reli, bila intaneti, kila mtu mzima ndani ya nyumba azijue namba hizo kwa kichwa, asizoee programu tu.

Mwenye duka ana somo lake. Wengi waliounguliwa mwaka 2021 na 2022 walikuwa na mtaji wote sehemu moja: bidhaa, daftari la wadeni na leseni chini ya paa lilelile. Daftari lipigwe picha kila jioni na picha itumwe kwa mtu mwingine. Vyeti vya kuzaliwa, namba ya NIDA, TIN na mkataba wa pango vikae kwenye bahasha ya nailoni inayobebeka kwa mkono mmoja.

Kupotezana hutokea kwa dakika. Mabomu ya ghala la jeshi la Gongo la Mboto yalipolipuka Februari 16, 2011, watu walikimbia usiku kila upande, na watoto wengi walijikuta wamehifadhiwa Uwanja wa Uhuru wakisubiri wazazi. Mtoto wa miaka sita anaweza kukariri namba moja ya simu akiimbishwa. Familia ya Kariakoo ichague pa kukutania, kama viwanja vya Mnazi Mmoja, na ichague pa pili ng'ambo ya Mto Msimbazi. Mto huo ukifurika, kama ulivyofanya Desemba 2011 kwenye mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na anayeuza Kariakoo huku akiishi Magomeni hulala upande asioutarajia. Redio ya betri itamweleza kama barabara imefunguliwa. Namba 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto ziandikwe ukutani, kwa sababu simu inaweza kuishiwa chaji. Na chaji yenyewe ni akiba: kwenye ghorofa lililoporomoka Novemba 2024, baadhi ya waliofukiwa waliwasiliana na waokoaji kwa simu wakiwa chini ya kifusi.

Kikwazo kikubwa ni nafasi. Pipa, ndoo ya nafaka na mtungi haviwezi kuingia kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu watano. Ndiyo maana maandalizi ya Kariakoo hufanikiwa kwa nyumba nzima. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba vya pande mbili, korido katikati na ua nyuma, na wapangaji tayari huchangia LUKU na zamu za kufagia. Wanaweza kuchangia tangi moja la uani, ndoo ya mchanga ya kuzimia moto, na orodha ya wazee na wagonjwa wa kisukari au presha ambao dawa zao zisipungue za wiki mbili.

Kikao cha wapangaji cha kukubaliana hayo kianze na geti la mbele. Kwa hofu ya wezi hufungwa kwa kufuli saa tano usiku, madirisha yote yana nondo, na ufunguo huenda kulala chumbani kwa mmoja. Wakubaliane ufunguo wa pili utundikwe wapi ndani ya korido, mahali mtu anapoweza kuufikia gizani kwa kupapasa, na nani atahakikisha kila Jumapili kwamba bado upo.