Kwa nini programu ya hesabu ya kompyuta haifiki haraka kwenye simu yako?

Mwanafunzi amezoea programu ya hesabu kwenye kompyuta ya shule. Anachora grafu, anatatua milinganyo, anaona mstari ukipinda kila anapobadilisha namba. Akirudi nyumbani ana simu tu. Anaitafuta programu ile ile, haipo. Au ipo, lakini ni ya iPhone, na yeye ana Android.

Basi anawaandikia watengenezaji: wekeni na kwenye simu. Linaonekana ombi dogo. Programu si imeshatengenezwa? Si ni kuihamisha tu?

Jibu fupi ni hapana. Mara nyingi kuihamisha maana yake ni kuijenga upya, na anayejenga lazima aamue aanze na kifaa cha nani. Uamuzi huo ndio unaowaacha wengine wakisubiri kwa miaka.

Programu huandikiwa mashine yake

Programu yoyote inategemea mfumo endeshi, yaani Windows, macOS, Linux, Android au iOS. Mfumo huo ndio unaoipa kioo, kibodi, memori na mafaili. Kila mfumo una namna yake ya kuombwa vitu hivyo. Programu iliyozoea kuomba kwa Windows ikipelekwa Android ni kama shilingi ya Kenya kwenye duka la Mwanza: ni pesa halali, lakini si hapo.

Chini ya mfumo kuna prosesa. Laptopu nyingi za Windows zina prosesa za Intel au AMD, wakati simu karibu zote zinatumia prosesa za aina ya ARM. Amri zilizoandaliwa kwa aina moja hazisomeki moja kwa moja na nyingine.

Hilo halina maana kwamba haiwezekani. Novemba 2013 kampuni ya Wolfram ilitoa programu yake ya Mathematica bure kwa ajili ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayokaribia ukubwa wa kadi ya benki na yenye prosesa ya ARM. Programu nzito iliyoanza kutolewa mwaka 1988 ikawa inafanya kazi kwenye kifaa cha dola 35. Ilienda polepole kuliko kwenye laptopu, lakini ilienda.

Kisa cha GeoGebra

Mfano unaoeleweka zaidi ni GeoGebra, programu ya jiometri, aljebra na grafu inayotumiwa na walimu wa hesabu nchi nyingi duniani.

Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, ikiwa sehemu ya masomo yake ya shahada ya uzamili. Aliiandika kwa lugha ya Java. Kwa wakati ule ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu Java iliahidi kwamba programu ikiandikwa mara moja itafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Mwalimu mwenye Linux na mwenzake mwenye Windows wakawa wanatumia kitu kile kile.

Kisha ikaja iPhone mwaka 2007, na iPad mwaka 2010. Vifaa hivyo havikukubali programu za Java za aina hiyo. Ahadi ya kuandika mara moja ikagonga ukuta.

Shule zilipoanza kununua iPad, swali likawa ni lile lile: lini itafika huku? Mwaka 2012 timu ya GeoGebra ilifungua mchango kwenye mtandao wa Kickstarter ili kupata fedha za kutengeneza toleo la iPad. Yaani walioitaka programu ndio walioombwa kuichangia. Matoleo ya tableti yalitoka mwaka 2013. Wenye simu za kawaida walisubiri zaidi ya hapo.

Kazi yenyewe ilifanyikaje? Hawakutupa kila kitu. Walitumia zana ya Google iitwayo Google Web Toolkit, ambayo inachukua msimbo wa Java na kuugeuza kuwa JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari kinaielewa. Sehemu ya hesabu ikabaki, lakini sehemu ya kile mtu anachokiona na kukigusa ilihitaji kufikiriwa upya.

Kioo kidogo, kidole kikubwa

Kwenye kompyuta, GeoGebra inaonyesha vitu vitatu kwa pamoja: orodha ya milinganyo, mchoro, na sehemu ya kuandikia. Kwenye simu, kibodi ikipanda tu, karibu nusu ya kioo imekwisha. Mchoro utakaa wapi?

Halafu kuna kibodi yenyewe. Kibodi ya kawaida ya simu imetengenezwa kwa ajili ya meseji. Alama ya kipeuo, sehemu moja juu ya nyingine, au pai, zimefichwa mbali au hazipo kabisa. Ndiyo maana programu nyingi za hesabu za simu zina kibodi yake, ambayo nayo lazima ibuniwe na kujaribiwa.

Mausi inaweza kugusa nukta moja bila shida. Kidole kinaifunika nukta hiyo pamoja na majirani zake. Mwanafunzi anayetaka kuvuta ncha ya pembetatu anajikuta amevuta mchoro mzima.

Kwa sababu hizo, GeoGebra iliingia kwenye simu ikiwa imegawanywa: programu ya grafu peke yake, ya jiometri peke yake, ya maumbo ya 3D peke yake. Baadaye ndipo ikaja moja inayokusanya zana hizo pamoja.

Hata Apple ilichukua miaka 14

Anayedhani ni tatizo la timu ndogo zisizo na fedha, aiangalie Apple. iPad ilianza kuuzwa mwaka 2010 bila kikokotoo, kitu ambacho iPhone ilikuwa nacho tangu siku ya kwanza. Watumiaji waliuliza mwaka baada ya mwaka, huku wakipakua vikokotoo vya watengenezaji wengine.

Mwaka 2020 Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, alieleza kwenye mahojiano kwamba hawakutaka kukitoa mpaka wakifanye vizuri kweli kweli. Kikokotoo hicho kilikuja na iPadOS 18 mwaka 2024, kikiwa na uwezo wa kusoma hesabu zilizoandikwa kwa kalamu na kuzijibu.

Miaka 14 kwa kujumlisha na kugawanya. Kutengeneza kikokotoo si kazi ngumu kwa Apple. Hakikuwa juu kwenye foleni, basi.

Nani anaanza, nani anasubiri

Foleni hiyo ina mpangilio wake. Photomath, programu iliyotoka Croatia inayosoma swali la hesabu kwa kamera na kuonyesha hatua za jibu, ilianza Oktoba 2014 kwa iPhone na Windows Phone. Wenye Android walipata yao mwaka 2015.

Inashangaza, maana Android ndiyo yenye watumiaji wengi zaidi duniani. Sababu moja ni wingi huo wenyewe. iPhone ni za kampuni moja, hivyo aina za kupimia ni chache. Android inatengenezwa na kampuni nyingi, kwa vioo vya kila ukubwa, kamera nzuri na mbovu, na matoleo ya mfumo ya miaka tofauti. Kitu kinachofanya kazi kwenye simu moja kinaweza kugoma kwenye nyingine.

Sababu nyingine ni pesa. Watengenezaji wengi huanzia pale wanapodhani watu watalipa.

Hapo ndipo suala hili linapoigusa Afrika Mashariki. Simu nyingi zinazotumika hapa ni za Android, na nyingi ni za bei nafuu: memori ndogo, mfumo wa zamani, kioo kilichopasuka pembeni lakini kinasoma. Kwa vijana wengi simu hiyo ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo. Programu ikianza na vifaa ghali, aliye na kifaa kimoja tu ndiye anayefikiwa mwisho.

Njia ya kwanza ya mkato: hesabu ifanyike mbali

Watengenezaji wengine wameepuka kuhamisha programu nzima. Wanaiacha kwenye seva, simu inapeleka swali na kupokea jibu.

MATLAB Mobile inafanya hivyo. Mtumiaji anaandika amri kwenye simu, lakini hesabu inafanyika kwenye seva za kampuni ya MathWorks. Wolfram Alpha ni hivyo hivyo. Programu yake ya iPhone ilipotoka mwaka 2009 iliuzwa dola 49.99, bei iliyolalamikiwa mpaka ikashushwa sana mwaka uliofuata.

Faida yake ni kwamba simu dhaifu inaweza kujibu swali zito. Hasara yake inajulikana: mtandao ukikatika au bando likiisha, hesabu nayo imekwisha.

Njia ya pili: kivinjari

Kivinjari kinapatikana kwenye karibu kila mfumo. Desmos, kikokotoo cha grafu kilichoanzishwa Marekani mwaka 2011, kilijengwa kwa ajili ya kivinjari tangu mwanzo. Hakihitaji kuuliza kama mtu ana Windows, Linux, Chromebook au simu. GeoGebra nayo inafunguka kwenye kivinjari.

Kwa hiyo anayekosa programu kwenye simu yake aanze na tovuti ya programu hiyo. Huenda toleo la mtandaoni lipo tayari. Ubaya ni kwamba ukurasa unahitaji intaneti kufunguka, na simu ya zamani inaweza kukwama kwenye michoro mizito. Desmos na GeoGebra zina pia programu za kupakua ambazo, zikishaingia kwenye simu, zinachora grafu bila data.

Njia ya tatu: msimbo ulio wazi

Kuna programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Maxima ni mojawapo. Asili yake ni Macsyma, programu ya aljebra iliyoanzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1960. Kwa kuwa msimbo ni huru, mpenzi wa programu hiyo hakuhitaji kusubiri kampuni. Aliweza kuitengenezea toleo la Android mwenyewe.

Kwa programu ya namna hii, ombi linaweza kujibiwa na mtu yeyote mwenye ujuzi, akiwemo mwanafunzi wa kompyuta wa chuo cha karibu.

Ombi linalosikika likoje?

Maombi yanafanya kazi, ila si yote kwa kiwango kimoja. Nyota moja kwenye Play Store na maneno "app mbovu" haimwambii mtengenezaji afanye nini. Ombi lenye nguvu lina mambo manne:

- Kifaa gani. Aina ya simu na toleo la mfumo. Vyote vinapatikana kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu.
- Kazi gani. "Kuchora grafu za kipeo cha pili bila intaneti" ni ombi linalotekelezeka. "Leteni programu yote" ni la miaka.
- Watu wangapi. Mwalimu anayeandika kwa niaba ya darasa la watu 60 anapima uzito tofauti na mtu mmoja.
- Mahali sahihi. Programu nyingi zina sehemu ya kupokea maoni. Kama ombi hilo lipo tayari, kuliunga mkono kunasaidia kuliko kuanzisha jipya.

Tahadhari wakati wa kusubiri

Programu inayotafutwa sana na haipo huvutia matapeli. Faili la APK linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp likidai ni toleo la simu la programu maarufu ni la kutiliwa shaka. Kwenye Play Store, jina la mtengenezaji lililo chini ya jina la programu linapaswa kufanana na lile la tovuti rasmi.

Ruhusa nazo zinasema mengi. Programu inayosoma maswali kwa picha ina haki ya kuomba kamera. Kikokotoo kinachotaka namba za watu na meseji hakina sababu nzuri.

Tena, simu ni ya kujifunzia tu. NECTA na KNEC haziruhusu watahiniwa kuingia nayo kwenye chumba cha mtihani, hivyo mazoezi ya kalamu na karatasi yabaki pale pale.

Kwa anayetaka kujua kama programu aliyopakua inategemea bando, kuna jaribio rahisi. Zima data na Wi-Fi, fungua programu, andika y = x² − 4. Grafu ikitokea na kukata mstari wa x kwenye −2 na 2, hesabu inafanyika ndani ya simu yenyewe.