Mteja Aliniagiza Chatu: Kabla Hujauliza Bei, Uliza Katoka Wapi



Leo siongelei namna ya kupiga picha bidhaa wala kupanga bei. Nawapa kisa kilichonikuta mwenyewe hapa dukani kwangu Balangdalalu. Mimi nimeishia form four, biashara nimejifunzia kaunta. Hili nalo nimejifunzia kaunta, na nusura linigharimu.

Wanaonifahamu wanajua fremu yangu ni ya vifaa vya simu na kuchaji. Mtandaoni nauza asali na vitunguu saumu, mzigo unapanda basi unaenda Arusha au Dar. Kwenye status yangu nilikuwa nimeandika kwa kujiamini: "Chochote cha Hanang, niulize mimi."

Basi mtu akaniuliza.

Ni mteja wa Dar, alishanunua asali mara mbili, hasumbui kwenye malipo. Akaandika: "Boss, unaweza kunipatia chatu mdogo, mzima? Nataka kufuga, ndo mara yangu ya kwanza. Sijui hata wananunuliwa wapi. Nakupa laki nne."

Laki nne! Wakati huo nadaiwa kodi ya fremu na mwenye nyumba ananipitia kila jioni "kunisalimia". Sikuuliza swali hata moja. Nikajibu: "Nipe siku tatu."

Nikatangaza kwa vijana wa bodaboda. Siku ya pili dogo mmoja akanitumia picha: nyoka mnene amejikunja kwenye ndoo ya rangi, mfuniko umetobolewa matundu. "Chatu huyo bro. Elfu hamsini tu." Nikapiga hesabu ya haraka: hamsini ya dogo, nauli ya basi, inabaki zaidi ya laki tatu. Kodi imelipika.

Pale kaunta alikuwepo mzee mmoja mfugaji, anasubiri simu yake ijae chaji. Nikamwonyesha ile picha huku nacheka. Mzee hakucheka. Akaisogeza simu karibu na macho, akaniambia taratibu:

"Mwanangu, huyu si chatu. Huyu ni kifutu. Mwambie huyo kijana aweke ndoo chini na asiifungue."

Akanionyesha kwa kidole: alama za mgongoni zimepangana kama herufi V moja nyuma ya nyingine, mwili mfupi na mnene, mkia mfupi. Kifutu, wengine mnamwita moma, ni kati ya nyoka wanaouma watu wengi Afrika. Tabia yake ni kulala kimya tu, hakimbii ukimsogelea, na ukimkanyaga anagonga kabla hujajua. Sumu yake inaharibu nyama ya mwili, na wapo watu waliokatwa mguu au mkono kwa ajili yake.

Na mimi nilikuwa nampakia kwenye basi la abiria. Ndani ya ndoo ya rangi.

Nikampigia dogo. Bahati nzuri alikuwa hajamshika tena. Mzee akaenda mwenyewe na fimbo ndefu, ndoo ikapelekwa porini mbali na nyumba, mfuniko ukasukumwa kwa fimbo, wakarudi. Usijaribu kuiga, yule mzee ameishi na nyoka kuliko miaka niliyonayo.

Kumbe hata angekuwa chatu kweli

Nilidhani kosa langu ni kutojua aina ya nyoka. Usiku nikakaa nikasoma, nikakuta kosa kubwa zaidi.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwenye sheria hiyo neno "nyara" si pembe ya ndovu na ngozi ya chui peke yake. Mnyamapori yeyote, awe hai au amekufa, anaingia humo, hata yai lake. Chatu aliyekamatwa porini bila kibali ni nyara ya serikali. Aliyemkamata, aliyempakia, aliyepokea na wewe dalali uliyekaa katikati na simu yako, wote mnaweza kusimama mahakamani. Na kesi za nyara huwa zinaenda kama uhujumu uchumi. Watu wamehukumiwa miaka 20 kwa kukutwa na nyara. Laki tatu kwa miaka 20, hesabu hiyo haihitaji kalkuleta.

Nje ya nchi je? Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje mwaka 2016. Juni 2022 ilitangazwa kuwa wafanyabiashara wangeruhusiwa kwa muda ili wamalize wanyama waliobaki nao, lakini ndani ya siku chache tu serikali ikasitisha ruhusa hiyo. Juu ya hapo kuna mkataba wa kimataifa wa CITES, na chatu wote wapo kwenye orodha zake. Havuki mpaka bila kibali.

Usiseme "mimi ni mtu mdogo, nani atanifuatilia". Majirani zetu Kenya, Aprili 2025, vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa na sisimizi kama 5,000 kwenye vichupa. Sisimizi jamani, si tembo! Kwenye kesi nyingine iliyoenda sambamba na hiyo alikuwepo Mkenya mmoja, naye akajitetea kwamba hakujua ni kosa. Mei 2025 mahakama ikawapa wote wanne adhabu moja: faini ya shilingi milioni moja ya Kenya kila mtu, au miezi 12 jela. "Sikujua" haikumsaidia.

Halafu kuna kitu kinachotuhusu moja kwa moja sisi wa mtandaoni. WhatsApp Business hairuhusu kuuza wanyama kwenye huduma yake, na Facebook Marketplace hivyohivyo. Ukiposti chatu unaweza kuamka akaunti imefungwa, na wateja wako wa asali uliowakusanya miaka miwili wamekwenda nayo.

Sasa mtu akitaka nyoka wake wa kwanza, anunue wapi?

Hili swali la mteja wangu lilinikaa kichwani. Kwenye nchi zinazoruhusu kufuga nyoka, watu makini wananunuaje? Nilivyosoma nikakuta ni darasa la biashara kabisa.

Ulaya na Marekani, nyoka wa kuanzia kwa wengi ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi. Akiogopa anajikunja kama mpira, na akikua kwa kawaida anafika mita moja hadi moja na nusu. Kwa miaka mingi wamekuwa wakitolewa Ghana, Togo na Benin. Lakini siku hizi wapo wafugaji wengi hukohuko wanaowazalisha nyumbani. Kwa hiyo mnunuzi ana njia nne hivi: duka la wanyama, mfugaji mwenyewe, maonyesho (kwa mfano yale makubwa ya Terraristika yanayofanyika mjini Hamm, Ujerumani), au mtu anayegawa nyoka wake kwa sababu hawezi tena kumtunza.

Mwenye uzoefu haanzi na bei. Anaanza na maswali haya, na nimeyaweka hapa kwa sababu mteja wako wa kesho atakuuliza hayohayo, hata kama unauza viatu.

1. Amezaliwa kwa mfugaji au amekamatwa porini? Wa porini mara nyingi anakuja na kupe na minyoo, ana woga, na anaweza kugoma kula mpaka afe. Aliyezaliwa mikononi mwa mfugaji ameshazoea. Kwako wewe: asali yako imetoka mzinga wa nani, kijiji gani? Kama huwezi kujibu kwa sentensi moja, bado hujaijua bidhaa yako.

2. Anakula nini, na mara ya mwisho alikula lini? Mfugaji mzuri ana daftari la kila mlo na kila uzito. Hauzi mtoto wa nyoka ambaye hajala mara kadhaa. Kwako: umeijaribu hiyo chaja kabla ya kuituma? Au unamwachia mteja ndiye afanye majaribio?

3. Naweza kumwona kwanza? Si picha ya kuchukua kwa mtu. Picha ya leo, video ya leo, au nije mwenyewe. Mimi nilitaka kuuza kwa picha niliyotumiwa na dogo ambaye naye hakumjua nyoka aliyemkamata. Picha ilikuwa halisi kabisa, ila maelezo ndo yalikuwa ya uongo. Wangapi kati yetu tunaposti picha za mzigo ambao hatujawahi kuugusa?

4. Karatasi ziko wapi? Kibali, risiti, jina la aliyemzalisha. Muuzaji akianza kusema "hiyo isikusumbue, tutamalizana", mnunuzi mwenye akili anaondoka.

5. Baada ya kununua, nitakupata? Huyu chatu mdogo wa Afrika Magharibi anaishi miaka 20 hadi 30. Anayenunua leo atahitaji mtu wa kumuuliza mwakani. Kwa sababu hiyo wengi wanamchagua mfugaji badala ya duka la bei rahisi: mfugaji anapokea simu. Na wewe ukiuza, unapokea simu ya malalamiko, au unamblock?

Na hapa Tanzania?

Jibu fupi: usimnunue mtaani, mnadani wala inbox. Kufuga wanyamapori kunaenda kwa leseni, na wa kuulizwa ni ofisi ya wanyamapori wilayani au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Siyo dalali wa WhatsApp kama mimi nilivyokuwa.

Pia mjue chatu wetu wa huku si yule mdogo wa kwenye video. Chatu wetu anapita mita nne, na aliyekomaa anameza swala. "Chatu mdogo" ni mdogo kwa muda tu. Nyumba ya kupanga Dar, watoto, kuku wa jirani... fikiria mwenyewe.

Mwenye hamu ya kumwona nyoka kwa karibu nampa njia halali. Ukitoka huku kwetu kwenda Arusha, ukishapita Makuyuni, kama kilomita 25 kabla ya mjini, kuna Meserani Snake Park. Ilianzishwa mwaka 1993 na familia ya Bale kutoka Afrika Kusini. Unalipa kiingilio, unawaona nyoka wetu wakiwa nyuma ya kioo, na unaelezwa chatu ni yupi na kifutu ni yupi. Pale pana na kliniki inayohudumia watu walioumwa na nyoka. Nimepita pale na basi mara nyingi nikiwaza ni sehemu ya wazungu. Kumbe mimi ndiye nilikuwa na shida nayo kuliko wao.

Nilichobadilisha dukani

Nilimwandikia mteja ukweli wote: nyoka alikuwa kifutu, nimemrudisha porini, chatu simtafuti tena kwa sababu ni kosa, na akitaka kwenda Meserani nitamwelekeza njia. Akasoma. Tiki mbili za bluu. Hakujibu, na asali hajanunua tena mpaka leo. Sitawadanganya kwamba alirudi na oda kubwa. Mteja nilimpoteza. Kodi ya fremu nililipa kwa kuchelewa, nikaomba msamaha, nikauza vitunguu kwa faida ndogo mpaka deni likaisha.

Lakini yule dogo wa bodaboda kila siku anapita mbele ya duka langu na miguu yake miwili na mikono yake miwili. Ananipungia mkono. Kila akinipungia nakumbuka ile ndoo.

Status yangu nimeibadilisha. Siku hizi imeandikwa: "Asali na vitunguu saumu vya Hanang. Nakuambia vimetoka shamba gani."

Na kwa oda yoyote ngeni nina kanuni tatu. Moja, pesa ikiwa kubwa kuliko kazi yenyewe, nasimama kwanza. Mbili, sikubali kabla sijajua bidhaa inatoka wapi, imepita mikono ya nani, na sheria inasemaje. Tatu, sisemi "nipe siku tatu". Nasema "ngoja niulize", halafu nauliza kweli, kwa mtu anayejua. Hata kama ni mzee anayesubiri simu yake ijae chaji.

Wewe je, umeshawahi kuagizwa kitu ukasita? Ulifanyaje? Andika hapo chini tujifunze wote. Na kama una kijana kwenye mtandao wako anayedhani kila chenye mnunuzi kinauzwa, mtumie hii asome.

Kazi njema.