Mbuyu na Kangaga

Mtu wa Mwadui akipanda kangaga katika chungu huliita "ua", kama aitavyo kila jani la pambo. Neno hilo lapoteza, kwa maana kangaga halichanui kamwe. Mbuyu, ambao Wasukuma huuita ng'wandu, hufungua ua jeupe jioni. Popo hulijia, kisha huja tunda lenye mbegu. Kangaga je? Geuza jani lake, utaona madoa ya hudhurungi: ni vifuko vya vumbi liitwalo spora. Spora ikiota huwa kipande chembamba cha kijani, na hapo chembe ya kiume sharti iogelee katika tone la maji kuifikia ya kike. Kwa hiyo katika ukame wa Shinyanga makangaga hutafutwa penye unyevu, na mbuyu husimama wazi mbugani.