Kifafa cha Mimba: Ugonjwa Unaoanzia Katika Kondo la Nyuma

Miongoni mwa maradhi yanayowapata akina mama wajawazito katika mwambao wa Ziwa Victoria, kifafa cha mimba ndicho kinachowatisha watu zaidi. Mama aliyekuwa akitembea jana huanguka ghafla, mwili hukakamaa na kutikisika, kisha hupoteza fahamu. Kwa sababu ya ghafla hiyo, wapo wanaosema amepandwa na mashetani, na wapo wanaodhani, kwa kufuata jina, kwamba ni kifafa cha kawaida. Hata jina la kitaalamu, eklampsia, limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kumulika kwa ghafla, mfano wa umeme wa radi. Lakini kila mkazi wa Mwanza anajua kwamba radi hutanguliwa na wingu. Makala hii inakusudia kueleza jinsi wingu hilo linavyokusanyika mwilini, kwa maana anayelifahamu mapema anaweza kuokoa maisha mawili.

Hali inayotangulia

Kabla ya kifafa chenyewe huwapo hali iitwayo preeklampsia. Kwa kawaida hutambuliwa baada ya wiki ya 20 ya mimba, pale shinikizo la damu linapofikia milimita 140 za zebaki kwa kipimo cha juu, au 90 kwa kipimo cha chini, au kuzidi hapo, tena mkojo ukawa na protini au viungo kama ini na figo vikaonyesha dalili za kudhurika.

Wataalamu wana hakika kwamba shina la ugonjwa huu ni kondo la nyuma, yaani kiungo kinachompatia mtoto chakula na hewa safi kutoka katika damu ya mama. Ushahidi ni wa namna mbili. Kwanza, ugonjwa hauponi kabisa mpaka kondo litoke, ijapokuwa hatari huendelea kwa siku kadhaa baada ya kujifungua. Pili, ugonjwa huweza kumpata mwanamke mwenye mimba zabibu, ambayo aghalabu haina mtoto ndani yake, bali ina tishu za kondo tu. Basi chanzo si mtoto, wala si uzito wa tumbo.

Mfereji usiopanuliwa

Katika majuma ya mwanzo ya mimba, chembe hai za kondo hupenya katika ukuta wa mji wa mimba na kuiendea mishipa midogo ya damu iliyojipinda mfano wa parafujo. Chembe hizo huondoa misuli ya mishipa hiyo, nayo hutanuka mara kadhaa kuliko ilivyokuwa. Kazi hii huwa imekwisha, kwa kadiri kubwa, ifikapo wiki ya 20.

Mkulima wa mpunga wa Magu au Misungwi ataelewa upesi faida yake. Atakaye maji yaingie katika majaruba kwa wingi na kwa utulivu, hupanua mdomo wa mfereji. Mdomo ukibaki mwembamba, maji hupita machache, tena kwa kasi ya kuchimbua udongo. Ndivyo inavyokuwa kwa mama ambaye mishipa yake haikutanuka vya kutosha: damu huingia katika kondo kwa kishindo na kwa vipindi, ikalidhuru na kulinyima hewa ya oksijeni.

Kwa nini chembe za kondo zishindwe kupenya? Jibu moja limo katika kinga ya mwili. Nusu ya urithi wa kondo hutoka kwa baba, kwa hiyo kwa mwili wa mama kondo ni mgeni nusu. Katika ukuta wa mji wa mimba zimo chembe za kinga zinazoamua mgeni huyo apenye kwa kina gani. Jambo hili limechunguzwa hapa hapa kandokando ya ziwa letu: Dkt. Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliwachunguza akina mama wa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 2015 walitangaza kwamba ipo sehemu ya urithi wa chembe hizo za kinga, iliyopo kwa Waafrika na isiyopatikana kwa Wazungu, ambayo humkinga mama na preeklampsia. Mapatano haya ya kinga husaidia pia kueleza kwa nini mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi.

Sumu itokayo katika kondo

Kondo lililokosa oksijeni halikai kimya. Mwaka 2003 watafiti wa Boston, Marekani, akiwamo Ananth Karumanchi, walionyesha kwamba hutoa kwa wingi protini iitwayo sFlt-1. Protini hii huzinasa protini nyingine zinazoutunza utando wa ndani wa mishipa ya damu ya mama. Panya wenye mimba walipofanywa wawe nayo kwa wingi, shinikizo lao la damu lilipanda na protini ikatokea katika mkojo.

Utando ukidhoofika, athari huenea mwili mzima. Mishipa hujikaza, na shinikizo hupanda. Figo huvujisha protini. Ini huvimba, ndiyo maana mama huumwa chini ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia. Ubongo nao ukidhurika, mama huumwa kichwa kikali na kuona vimulimuli. Kisha kifafa hufuata.

Kipimo kisichofanyika

Ndugu msomaji, angalia sasa urefu wa safari hii. Kasoro huanza katika majuma ya mwanzo, na kifafa hutokea miezi mingi baadaye. Katikati yake mama anaweza asihisi lolote. Linaloonekana huonekana kwa kipimo tu.

Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, ulifanyika utafiti kati ya Juni 2009 na Februari 2010. Kati ya uzazi 5,562, akina mama 76 walipatwa na kifafa cha mimba, na takriban 8 kwa kila 100 kati yao walifariki. Asilimia 96 walikuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito. Hata hivyo, waliokuwa wamepimwa shinikizo la damu hawakufika nusu, na waliopimwa protini katika mkojo walikuwa takriban robo moja tu. Mama alikuja, kipimo hakikufanyika.

Hali kadhalika, zipo kinga na tiba. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002, lililohusisha nchi 33, lilionyesha kwamba dawa ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa kwa nusu. Aspirini kidogo, ikianzwa mapema kwa agizo la mganga, huwasaidia wenye hatari kubwa: waliowahi kuugua hapo nyuma, wenye mimba ya mapacha, kisukari, maradhi ya figo au shinikizo la zamani. Vidonge vya kalisi navyo hufaa pale chakula kinapopungukiwa na madini hayo, kama ugali wa mahindi au muhogo usiokuwa na kitoweo cha maana. Jaribio lililofanyika Dar es Salaam na Bengaluru, India, likatangazwa mwaka 2024, lilionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500. Dagaa wetu, waliwao pamoja na mifupa yao, wana kalisi nyingi. Lakini wasichukuliwe kuwa badala ya dawa.

Kwa mama wa Ukara au Kome, asiyeweza kufika Bugando ila kwa kuvuka maji, kungoja kifafa ni kuchelewa. Hana budi kuhudhuria kliniki tangu miezi ya mwanzo, na kila aendapo aulize mambo mawili: shinikizo langu ni ngapi, na mkojo wangu una protini? Mhudumu naye hana budi kuwa na jibu.